Rubani Akisema Hapana, Mheshimiwa Anyamaze

Wanaopandia ndege Kitale au Matulo hujipa moyo kwamba ya injini mbili ni salama: moja ikizima, nyingine itamalizia safari. Kwa ndege ndogo inayopaa, si hivyo.

Injini moja ikifa wakati huo, nguvu hupungua kwa nusu, lakini uwezo wa kupanda juu hupungua kwa zaidi ya robo tatu, maana sehemu kubwa ya nguvu huishia kuishikilia tu ndege angani. Injini iliyobaki inasukuma upande mmoja, pua inageuka, na propela iliyokufa isipolazwa upesi, yaani mapanga yake yageuzwe yakate upepo, inakuwa breki. Rubani ana sekunde chache tu. Kitale nako ni kiasi cha mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, jua la saa saba linaifanya nyepesi zaidi, na injini inapungukiwa pumzi hata kabla ya kuharibika. Ndege nyingi ndogo za pistoni, zikishajazwa watu na mizigo, haziwezi kupanda hapo kwa injini moja. Zitashuka kuelekea chochote kilicho mbele: mahindi, mikaratusi, mabati ya watu.

Basi uamuzi ni wa kufanywa magurudumu yakiwa bado chini. Julai 2, 2014, Fokker 50, kubwa kuliko hizi zetu, ilipaa alfajiri kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, na shehena ya miraa ya Mogadishu, ikaangukia jengo mtaani Utawala. Wote wanne waliokuwa ndani walikufa. Wachunguzi walisema marubani waliijua hitilafu kabla ya kuondoka, na hawakusitisha safari ingawa mlio wa tahadhari ulisikika mara 27. Mara 27! Miraa haingoji, tunajua.

Na wakubwa nao hawangoji. Januari 24, 2003, hapo Busia, mawaziri wa serikali changa ya Kibaki walikuwa wanarudi Nairobi kutoka sherehe ya waziri mwenzao, Moody Awori. Ndege yao, ya injini mbili pia, iligonga nyaya za umeme mara tu ilipopaa. Waziri wa Kazi, Ahmed Khalif, na marubani wawili wakafa.

Tunataka mambo ya kawaida kabisa. Abiria na mizigo wapimwe kwenye mizani, si kwa macho. Mikaratusi na nyaya ziondolewe kwenye ncha za viwanja vyetu. Mamlaka ya Usafiri wa Ndege itume mkaguzi Jumamosi ya matanga na kampeni, ndege zinapojaa, si Jumanne asubuhi uwanja ukiwa na mbuzi peke yao. Na rubani akisema wawili washuke, washuke, hata kama mmoja wao anagombea ugavana. Barabara ya Webuye hadi Kitale ina lami, na sisi wa Misikhu tutampungia mkono akipita.