Mtu Mzima Naye Alikuwa Mtoto

Wako wanaouliza, tena kwa kejeli: mtu wa miaka 40 akapimwe usonji ili iweje? Ameoa, ana kazi, anataka nini tena?

Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa Baltimore, alieleza habari za watoto 11. Tangu hapo usonji umeshikamanishwa na utoto, kana kwamba watoto wale hawakukua. Walikua! Wa kwanza wao, Donald Triplett, alifanya kazi benki huko Mississippi, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89.

Mtu mzima akilalamika kwamba kelele za ofisini zinamchosha hadi anaumwa, aghalabu huandikiwa dawa za sonona baada ya mazungumzo ya dakika 10. Huenda sonona anayo; sikatai. Lakini nani amemuuliza alichezaje na wenzake alipokuwa na miaka minne? Usonji hauanzi ukubwani. Asipoulizwa habari za utoto wake, na ikiwezekana akaitwa mama au dada mkubwa aliyemlea, hapo hapajapimwa kitu. Na zile karatasi za maswali kumi huonyesha tu nani apimwe zaidi.

Wataalamu nao! Hadi mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani haukuruhusu mtu mmoja aambiwe ana usonji na pia tatizo la kukosa utulivu na umakini. Mwenye yote mawili alipewa moja, la pili akabaki nalo bila jina.

Ili iweje, mnauliza? Ili atibiwe kile anachoumwa. Na meza yake ihamishwe mbali na mlango.