Kutoipenda "Mufasa" si kukosa uzalendo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua nijibu maneno ninayoyasikia hapa Mugumu na hata Tarime mjini, kwamba mtu asiyeipenda sinema ya "Mufasa: The Lion King" ya mwaka 2024 ni mpinga maendeleo na, mbaya zaidi, anaifukuzia Serengeti watalii.

Mimi ni mpenzi wa sinema hizo tangu ile ya kwanza ya mwaka 1994. Wala sichukii kila kinachofuata. Ile ya mwaka 1998, ya Kiara na Kovu, ilitolewa kwa mikanda ya video na wengi waliidharau, lakini mimi niliipenda. Wako pia wenye kinyongo kwa kuwa kampuni ya Disney ilisajili maneno "Hakuna Matata" kuwa alama yake ya biashara huko Marekani mwaka 2003. Kinyongo hicho nakielewa, ila hakihusu ubora wa sinema.

Mimi nazungumzia hadithi yenyewe. Mwaka 1994 Scar alimwua Mufasa, ndugu yake, kwa tamaa ya utawala. Uchungu wote ulikuwa hapo, na sisi tuliowahi kuona ndugu wa tumbo moja wakifikishana mahakamani kwa shamba la baba yao hatukuhitaji kuelezwa. Mwaka 2024 tunaambiwa kumbe hawakuwa ndugu wa damu. Mufasa alichukuliwa na mafuriko, akalelewa na mama yake Scar. Hilo peke yake si kosa. Watafiti waliowafuata simba wa Serengeti tangu mwaka 1966 wameona madume wasio na undugu wakiungana. Kosa ni kwamba usaliti sasa unatokana na wivu wa kumgombea Sarabi, nao unakuja ghafla mno: jana ni wa kufa na kuzikana, leo anamwuza mwenzake kwa adui.

Tena jina lake la utotoni ni Taka! Huenda mtazamaji wa London alishangazwa na mwisho wake, lakini mtoto wa darasa la pili hapa Mugumu akilisikia jina hilo ameshajua huyo ataishia wapi. Na hofu itoke wapi, iwapo tunajua Mufasa, Sarabi na Rafiki lazima wafike salama katika sinema ya kwanza? Kisha hadithi inapopamba moto, Timon na Pumbaa wanaikatiza kwa mzaha.

Nakiri picha za maji zinapendeza. Wanaoitetea husema pia kuwa imeingiza zaidi ya dola milioni 700. Sawa, lakini hata gongo ina wanunuzi wengi.

Kuhusu watalii, wanaokuja kuwatazama nyumbu wakivuka Mto Mara hawajaniuliza maoni yangu juu ya simba waliotengenezwa kwa kompyuta. Anayetaka kunipinga aiache Serengeti kando, aniambie ni sehemu gani ya hadithi hiyo iliyomtoa machozi.

Mpenzi wa Sinema,
Mugumu, Serengeti.