Kompyuta Kuukuu: Usikimbilie Windows 11 ya Flashi

Juzi shangazi yangu alinipigia simu kutoka Msambweni. "Mwanangu, kompyuta yaniambia imepitwa na wakati. Kuna fundi Ukunda ataka elfu tatu aniwekee Windows 11. Nimtumie?"

"Usitume kwanza, shangazi."

Shangazi hukodisha vyumba viwili kwa wageni, na malipo huingia kwa till. Kila mwisho wa mwezi hufungua laptopu yake ya mtumba, ya mwaka 2014, akapakua taarifa ya malipo na kuilinganisha na daftari. Kwa hivyo akikosea kwenye kompyuta hii, amekosea kwenye pesa.

Hali iko hivi. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haikuzimika siku hiyo. Kilichokoma ni viraka vya usalama vya kila mwezi, vile vinavyoziba mianya ambayo wezi wa mtandaoni huitafuta.

Windows 11 nayo ina masharti: RAM ya GB 4, diski ya GB 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Karibu mashine zote za kabla ya 2017 hazipiti. Mafundi wana njia ya kuiingiza kwa nguvu, lakini Microsoft yenyewe inasema mashine kama hiyo haina uhakika wa kupata viraka. Yaani umetoa elfu tatu na umerudi palepale.

Kibaya zaidi ni Windows isiyo na leseni, inayofunguliwa kwa kreki. Mara nyingi lazima antivirusi izimwe kwanza ndipo kreki ikubali. Hebu fikiria: unampa mlinzi likizo ili mtu usiyemjua aingie ndani. Kreki ni mlango unaojulikana wa virusi vinavyoiba nywila ulizohifadhi kwenye brauza, za barua pepe, benki na akaunti ya biashara.

Maoni yangu ni kwamba usilipe kitu kabla ya kupitia haya, kwa mpangilio huu:

1. Pima kwanza. Pakua PC Health Check kutoka tovuti ya Microsoft. Mashine ikipita na Windows 10 yako ni halali, kupanda hadi Windows 11 ni bure. Tafuta Wi-Fi tu, maana faili ni kubwa na bando litaisha.

2. Isipopita, nunua muda. Microsoft ina mpango wa viraka vya ziada, ESU, hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Hupatikana bure ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti ya Microsoft; la sivyo ni kama dola 30. Angalia kwenye Settings, sehemu ya Windows Update.

3. Muda ukiisha, hamia Linux Mint. Ni bure, na RAM ya GB 4 yaitosha. Unaweza kuijaribu kwenye flashi bila kufuta chochote. Iko Firefox ya kuingia iTax na eCitizen, na LibreOffice ya hesabu. Kasoro zipo: Microsoft Office yenyewe haiingii, na printa nyingine husumbua. Ijaribu na printa yako kabla ya kuhama.

Wengine watasema basi mafundi watakula wapi? Kazi iko. Mlipe akutolee diski ya zamani inayozunguka akuwekee SSD, au akuwekee Mint. Hiyo ni kazi halali, na mashine itakimbia.

Kabla ya kumwachia kompyuta, nakili faili zako na ufute nywila zilizo kwenye brauza. Ikirudi, badilisha nywila hizo. PIN ya pesa haihitajiki kwa kazi yoyote ya kompyuta. Akikuuliza, chukua laptopu yako uende. Ukilipa, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha, na uhifadhi ujumbe wa malipo.

Shangazi amechukua ESU. Elfu tatu yake bado iko kwenye simu, na ameshaipangia: "Hiyo ni ya SSD, mwanangu."