Daftari la Wiki: Mgeni Aje, Akute Kazi Imeanza

Mswada mkononi

Juni 1962, waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza walikutana Makerere, Kampala. Chinua Achebe alikuwepo, Wole Soyinka alikuwepo, na kutoka Marekani alikuja Langston Hughes. Mwanafunzi mmoja wa chuoni hapo, enzi hizo akiitwa James Ngugi, alimfuata Achebe akiwa na mswada wa riwaya, akamwomba ausome. Achebe aliusoma, akatoa maoni yake, kisha akaufikisha kwa wachapishaji wake. Mwaka 1964 riwaya hiyo ikatoka kwa jina la *Weep Not, Child*, na leo tunamjua mwandishi wake kama Ngũgĩ wa Thiong'o.

Habari hii husimuliwa sana kama sifa ya Achebe, na anaistahili. Lakini tumtazame na kijana. Kabla mgeni hajafika, Ngũgĩ alikuwa amekwisha kuandika. *Penpoint*, jarida la idara ya Kiingereza hapo Makerere, lilikuwa limechapa hadithi zake fupi. Alikuwa na wasomaji na wenzake wa kubishana nao, na juu ya yote alikuwa na karatasi za kumkabidhi mtu. Bila jarida lile dogo la wanafunzi, mkutano ule mkubwa ungempita kama unavyowapita wengi: angekaa nyuma, angepiga makofi, angerudi bwenini.

Kwa hiyo kila ninapoona tangazo la mwandishi mashuhuri anayekuja mjini, huwauliza waandaaji swali moja: vijana wenu wamekuwa wakiandika nini tangu mwezi uliopita?

Duka la maharamia

Mwaka 2002 mwandishi Dave Eggers na mwalimu Nínive Calegari walifungua kituo cha uandishi cha watoto na vijana San Francisco, wakakiita 826 Valencia, kwa namba na jina la mtaa. Jengo walilopata lilikuwa katika eneo ambalo sheria za mji zilitaka liwe na biashara ya rejareja. Basi wakafungua duka mbele, wakauza vifaa vya maharamia wa baharini, na nyuma yake wakapanga meza za kuandikia. Mtoto anayeingia pale haoni aibu kwamba amepelekwa kwa sababu hajui kuandika. Anaona anaingia mahali pa ajabu. Kazi za vijana hao huhaririwa na kuchapwa vitabu kamili.

Dublin, kituo cha Fighting Words, kilichoanzishwa 2009 na Roddy Doyle na Seán Love, kina utaratibu ninaoupenda zaidi. Darasa la shule ya msingi hutunga mwanzo wa hadithi kwa pamoja, huku mtu akichapa wanachosema na wote wakikiona. Hadithi inapofika patamu, husimamishwa, na kila mtoto anaandika mwisho wake mwenyewe. Anaondoka na kijitabu chenye jina lake.

Hili halihitaji fedha za wafadhili wakubwa. Shule yenye kompyuta moja, printa na stepla inaweza kulifanya Ijumaa mchana.

Mafuta yalisema nini?

Wiki hii nilikaa pembeni kwenye warsha ya vijana wa sekondari. Binti mmoja wa kidato cha pili alisoma aya kuhusu mama yake anayeamka alfajiri kukaanga maandazi ya kuuza. Ilianza kama insha za mtihani zinavyoanza, kwa majogoo kuwika na jua kuchomoza, ikaendelea kwa methali mbili za kusifu bidii. Mwezeshaji hakumkosoa. Alimuuliza tu: “Mama akitumbukiza andazi la kwanza, unajuaje kama mafuta yameshika moto?”

Binti akafikiri kidogo. Akasema mama hudondosha kipande kidogo cha unga. Kikizama na kutulia, bado. Kikipanda juu na kuanza kutoa mapovu, tayari. Na yeye huwa macho kitandani, anasikiliza mlio wa mapovu hayo, kwa sababu akiusikia anajua amebakiwa na muda mfupi tu kabla ya kuitwa. “Basi anzia hapo,” mwezeshaji akamwambia. Majogoo na methali vikakatwa kwa kalamu ya binti mwenyewe, wala hakuna aliyemwamuru.

Shule hufundisha insha ili ipate alama, na mwalimu mwenye madaftari mengi ya kusahihisha hana nafasi ya kumuuliza kila mtoto kuhusu mafuta. Kituo cha fasihi kinaweza, na hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko tamasha lolote.

Kusoma kabla ya kukaribisha

Nairobi wana Tamasha la Fasihi la Macondo, lililoanzishwa 2019 na Yvonne Adhiambo Owuor na Anja Bengelstorff, na mwaka 2022 Abdulrazak Gurnah alifika huko, akiwa ametoka kutunukiwa Nobeli ya 2021. Mwaka huohuo wa 2022, wachapishaji Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam walitoa *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya yake *Paradise*. Kijana wa Temeke au wa Ng'ambo ya Zanzibar sasa anaweza kumsoma kwa Kiswahili.

Hapo ndipo pa kuanzia. Nakala chache zikizungushwa mwezi mzima kabla ya mgeni kufika, maswali hubadilika. Badala ya “ulianzaje kuandika?”, mtu anauliza kwa nini Yusuf, mhusika mkuu wa *Peponi*, anaamua vile mwishoni. Mwandishi anayeulizwa hivyo husogeza kiti mbele. Na kabla hajapanda jukwaani, apewe saa moja na vijana, mlango umefungwa, rasimu zao zikiwa mezani.

Nani mgeni?

Nirudi Makerere kwa jambo moja. Mkutano ule ulikuwa wa wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, aliyekuwa na rafu nzima ya vitabu vya Kiswahili, hakuwa miongoni mwa walioalikwa, na mwezi huohuo akafariki dunia. Ngũgĩ aliliandika jambo hilo baadaye kama lawama, na ni lawama ya haki.

Vituo vyetu visirudie kosa hilo. Malenga anayeishi mtaa wa pili, mwandishi wa riwaya aliyestaafu ualimu Tanga, mtunzi wa tamthilia za redio: hawa pia ni wageni wa heshima. Waalikwe kwa barua, walipwe nauli na posho kama anayetoka ng'ambo, na vitabu vyao visomwe kabla hawajafika. Kijana anayeandika kwa Kiswahili anahitaji kumpa mswada wake mtu atakayemsahihishia hiki Kiswahili.