Nani Atamtunza Mzee?

Mzazi aishiwapo nguvu, nani atalipa dawa zake na mtu wa kumwogesha? Serikali ina pensheni, lakini si kwa kila mwenye mvi. Sheria ya mwaka 2016 yadai umri wa miaka 60 na miezi 180 ya kuchangia katika Caisse Nationale de Sécurité Sociale. Asilimia 5 hukatwa katika mshahara, na bwana wa kazi huongeza yake. Basi, ewe mtu wa reli au wa mgodi, twakusihi utunze karatasi za mshahara kama cheti cha ubatizo. Zikiliwa na mchwa, utathibitishaje miaka yako? Mkulima wa mihogo asiyechangia hana fungu humo. Amebakiwa na watoto wake, ambao Sheria ya Jamaa ya 1987 yawalazimisha kumlisha, hata yule aliyehamia Kolwezi akasahau njia ya kurudi.