Joy Adamson alianza na brashi, si kalamu
Mwandishi wa makala, Joy Adamson umemtaja kana kwamba alizaliwa mwandishi. Kabla ya kumlea simba Elsa, Kenya ilimjua kwa kuchora maua na watu. Mwaka 1956 mumewe George, afisa wa wanyamapori, na mwenzake walimuua simba jike aliyewavamia, kumbe ana watoto watatu wachanga. Wawili walipelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam; wa tatu, Elsa, akabaki, akalelewa kwa chupa ya maziwa, kisha akafundishwa kuwinda. Kitabu cha Joy kuhusu Elsa, Born Free, kikatoka 1960.

Na nyie wachangiaji mnaodai ni kitabu cha kufuga simba, kisomeni tena: Elsa alirudishwa porini, akazaa huko, akafa Januari 1961. Anayebisha aende Mbuga ya Meru, kaburi lake lipo.