Jamaa Wakutane Wangali Hai, Hata Mjini



Naomba nafasi katika sehemu ya Kiswahili ya gazeti letu nitoe shauri moja ambalo, kwa maoni yangu, lawahusu wanafunzi na wanafunzi wa zamani vilevile. Shauri lenyewe ni hili: kila ukoo uliotawanyika ukutane mara moja kila baada ya miaka michache, watu wangali hai na wazima. Tena si lazima wakutane kijijini. Mji mkubwa wafaa, na pengine wafaa kuliko kijiji.

Najua wako watakaocheka na kusema kwamba safari ya mjini ni anasa. Lakini tuitazame desturi yetu ya siku hizi. Ndugu hukutana lini? Hukutana msibani. Simu hupigwa usiku, michango hukusanywa kwa siku mbili, basi hukodiwa, na watu waliokosa nauli ya kumtazama mgonjwa hupata nauli ya kumzika. Huko matangani hatujuani. Mtoto wa shangazi yako hupita na sinia ya chai ukadhani ni mtoto wa jirani. Jioni kila mtu hupanda gari lake, na safari nyingine ni kifo kingine.

Kwetu ni Usamia, ambako mpaka wa Uganda na Kenya hufuata Mto Sio kabla ya mto huo kuingia ziwani. Zamani mpaka haukuwa hapo. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulifika hata Naivasha, na mwaka 1902 Waingereza wakaukata na kuutia katika nchi ambayo leo ni Kenya. Wazee wetu hawakuulizwa. Ukoo mmoja ukawa na serikali mbili, kisha kazi zikatutawanya zaidi: hawa Jinja, hawa Kampala, hawa Nairobi. Nadhani wasomaji wengi wana habari kama hii kwao, hata kama mto wao una jina lingine.

Katika likizo ya Desemba 2023 tulikutana Nairobi, watu thelathini na mmoja, kwa siku tano. Sisi wa Uganda tulivukia Busia. Wazee walionyesha vitambulisho vya taifa tu, kama raia wa Uganda, Kenya na Rwanda walivyoruhusiwa tangu 2014, na basi likatupeleka usiku kucha kwa njia ya Kisumu na Nakuru. Niliyoyaona huko ndiyo yanayonipa ujasiri wa kuandika.

Jambo la kwanza: mjini hakuna shamba la babu. Baba mkubwa na baba mdogo walikuwa hawasemezani kwa miaka tisa kwa sababu ya kipande cha ardhi kando ya mto. Kijijini hawangeweza kupatana, kwa kuwa kila baraza lilifanyika juu ya ardhi ile ile, na majirani wakisikiliza uani. Nairobi wote wawili walikuwa wageni. Nyumba ya shangazi ni ndogo, wakalazwa chumba kimoja. Usiku wa tatu tuliwasikia wakizungumza hata saa nane. Sisemi ugomvi umekwisha. Nasema wamepanga siku ya kupima mpaka wa shamba, na tangu wakati huo hupigiana simu. Kwa ukoo wetu jambo hilo si dogo. Ugomvi wa wazee ukiachwa huwa urithi wa watoto, nao ni urithi mbaya kuliko umaskini.

Jambo la pili ni chakula. Siku ya kwanza vijana wa mjini, kwa moyo mwema, walitaka kutukaribisha katika duka la kuku wa kukaanga na chipsi. Kuku akaletwa vipande vipande, wala firigisi haikuwamo. Kwetu firigisi ni ya mkuu wa nyumba. Babu akaitafuta sahanini, kisha akauliza kwa upole kama kuku wa Nairobi huzaliwa bila firigisi. Watu walicheka, lakini watoto wa Nairobi waliuliza maana yake, wakaelezwa. Hawakuwa wamesikia habari hiyo hata siku moja.

Kuanzia kesho yake tukapika wenyewe. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwetu mgeni alipewa mwiko. Wa Kampala walipika matoke kwa mchuzi wa karanga. Wa Nairobi wakaleta githeri na sukuma wiki. Nyanya akasonga ugali wa wimbi na muhogo, akapika na samaki wadogo aliowabeba kutoka Busia. Hapo pakazuka mabishano: wa Uganda wakawaita mukene, wa Kenya wakawaita omena, na mama mmoja aliyeolewa Mwanza akasema kwao ni dagaa. Samaki ni yule yule, wa ziwa lile lile. Mwalimu angetumia saa nzima kueleza maana ya mipaka. Pale meza iliieleza kwa bakuli moja.

Siku moja tu tulikula nje, katika soko la Kariokor, tukapata nyama choma na kachumbari. Hapo babu alitueleza jina la mahali, nalo ndilo jina la Kariakoo ya Dar es Salaam: limetokana na jeshi la wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Makumi ya maelfu ya watu wa nchi zetu walikufa katika kazi ile, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Babu yake yeye alichukuliwa, na hakurudi. Kesho yake tulikwenda Kenyatta Avenue kutazama sanamu za shaba za askari na mpagazi, zenye maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Babu alivua kofia akasimama kimya. Wajukuu waliokuwa wakipiga picha waliweka simu mfukoni bila kuambiwa.

Hili lanileta kwenye jambo la tatu, yaani matembezi. Wengi hudhani kutembea mjini ni kuzunguka madukani na kupanda ngazi za umeme. Mji ni kitabu, kama yupo wa kukisoma. Tulikwenda katika jumba la makumbusho ya reli, lililofunguliwa mwaka 1971. Humo mna magari ya moshi ya zamani, pamoja na behewa ambamo mwaka 1900, huko Kima, simba alimkamata afisa wa polisi Charles Ryall akamwua. Watoto walilipenda behewa hilo kuliko vitu vyote. Lakini mimi nilifurahi kufahamu kwa nini reli iliyojengwa kutoka Mombasa iliitwa Reli ya Uganda: ilipofika Kisumu mwaka 1901, Kisumu ilikuwa bado katika Uganda. Hata Nairobi yenyewe, ambayo jina lake ni la Kimasai lenye maana ya maji baridi, ilianza kuwa mji reli ilipofika hapo mwaka 1899. Tuliona pia simba walio hai katika hifadhi ya taifa iliyoanzishwa 1946, nyuma yao maghorofa ya mji. Nyanya alisema mtu aliyejenga nyumba karibu na simba hana haki ya kumlaumu simba.

Wala nisisahau lugha. Watoto wa Nairobi walisema Sheng, wa Kampala Kiganda, wazee Kisamia. Kiingereza kiliwaacha wazee nje, na Kisamia kikawaacha watoto nje. Lugha iliyotukusanya sote ni Kiswahili, kwa kuwa nyanya amekitumia sokoni Busia maisha yake yote. Baadhi yetu katika shule za Uganda hukidharau, ingawa tangu 2005 Katiba yetu yakitaja kuwa lugha rasmi ya pili. Anayekidharau na ajiulize atasema nini na nyanya yake. Kisamia pia tusikiache kife. Watoto walirudi na maneno machache, na machache ni mwanzo.

Sasa nijibu hoja ya fedha, kwani ni hoja ya kweli. Nyumba yenye mtoto aliyefukuzwa shule kwa ajili ya karo haina haki ya kutembea. Kwetu kanuni ilikuwa karo kwanza. Kila nyumba iliweka akiba kidogo kila mwezi kwa muda wa miezi kumi na minne, kama wanavyofanya watu wa chama, na nyumba mbili zisizoweza zilichukuliwa bure, pasipo kutajwa mbele za watu. Tulilala chini kwenye mikeka na magodoro, tukapanda matatu. Hesabu ilipofungwa, tuliona gharama ilikuwa chini ya ile ya msiba wetu wa mwisho. Msiba hakuna aliyeuita anasa.

Kwa hiyo natoa kanuni chache kwa wanaotaka kujaribu. Karo itangulie safari. Watoto wasilale pamoja na wazazi wao, bali wachanganywe. Chakula kipikwe nyumbani, na kila tawi la ukoo lipewe siku yake. Mahali pa kutembelea pasizidi pawili kwa siku, na mtu mmoja asome habari zake kabla. Jioni moja iwe ya kuandika majina ya wazee, kizazi hadi kizazi, maana daftari halisahau. Na mzee asiyeweza kusafiri afuatwe kwake, asiachwe.

Mwisho nasema nanyi, wanafunzi wa zamani. Sisi tulio madarasani hatuna nyumba wala mishahara. Ninyi ndio mnaokaa Kampala, Nairobi, Kigali na Dar es Salaam, na wengi wenu hupeleka fedha nyumbani kila mwezi kwa simu. Twashukuru sana. Lakini fedha ya simu haina uso. Fungueni mlango kwa siku tano, mtandike mikeka, mwaite wazee wangali wanaweza kupanda basi. Ndugu ni kufaana, si kufanana. Na watu hawawezi kufaana kama hawajuani.